Misiba Arobaini na Moja

Ungo ulitoa kumi na tisa.

Mwalimu Vaileth Kikoti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Kumi na tisa ile ile. Akaubonyeza upya kama mtu anayegonga redio mbovu, na Ungo, mashine ya kuwapepeta waombaji wa vyuo, ambao haukuwa na tabia ya kubadili maneno, ukarudia kwa sauti yake ya upole: "Teofrida Gama. Chuo cha Mvua, Isimani. Nafasi: kumi na tisa kwa mia. Lango limefungwa."

Mwenye jina lake alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, mkoba mapajani, viatu vina tope jekundu la makaburini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, na macho ya mtu aliyekesha. Alikuwa amekuja siku ya mwisho kabisa. Lango la maombi la Chuo cha Mvua lilikuwa linafungwa saa kumi jioni, na hapo ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Jana na juzi ulikuwa wapi?" Vaileth alimuuliza. "Wenzako wote wamekuja tangu wiki iliyopita."

"Nilikuwa msibani, mwalimu."

"Ndiyo. Msibani." Vaileth aliusogeza uso wake karibu na kioo. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho cha mkadiriaji wa Ilula miaka kumi na moja, na hakuwahi kuona kitu cha namna hii. Fizikia ya binti huyu ilikuwa tisini na sita. Hesabu tisini na tatu. Kwenye paa la bweni alikuwa ametundika nyavu za mifuko ya vitunguu zikakinga umande, na kila asubuhi jiko la shule lilipata ndoo mbili za maji bila mtu kwenda bombani. Mtoto kama huyo ndiye Chuo cha Mvua kilikuwa kinamtafuta kwa tochi. Kila mwaka kilichukua wanafunzi sitini kutoka bara zima, kikawafundisha kuyaongoza mawingu, na kwa kazi yao Isimani iliyokaa miaka saba bila tone ilikuwa sasa inauza mahindi.

"Teofrida, tangu uingie kidato cha kwanza umefiwa mara ngapi?"

"Mimi? Mara moja. Baba, nikiwa kidato cha pili."

"Ungo unasema mara arobaini na moja."

Binti alianza kucheka, kisha akaona kwamba mwalimu hacheki.

"Babu kumi na wanne," Vaileth alisoma. "Bibi tisa. Wajomba sita. Shemeji saba. Shangazi wanne. Baba mmoja. Mtoto gani duniani ana babu kumi na wanne?"

"Mwalimu Mdegela ndiye alikuwa anaandika. Kila nikiomba ruhusa ananiuliza, nani kafa? Namwambia, babu Kihwele wa Mazombe. Au bibi Nyenza. Sasa ningesemaje, mwalimu? Mzee wa watu siwezi kumtaja jina kavu kama namwita mbuzi."

Vaileth aliegemea kiti. Hapo ndipo alipoelewa, na moyo ukamshuka, kwa sababu kila lililoandikwa lilikuwa kweli.

Ilula yote ilikuwa na familia moja tu ya Wangoni, nayo ni hiyo ya akina Gama. Mababu wa Wangoni na mababu wa Wahehe walipigana hadi wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo Mhehe akifa, Mngoni ana kazi msibani. Yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu na kutembea kama marehemu. Ndiye anayelikalia jeneza njiani mpaka apewe kuku, ndiye anayewaambia wafiwa maneno ambayo angeyasema mtu mwingine angepigwa. Kazi hiyo Bibi Osmunda Gama aliifanya miaka arobaini, mpaka magoti yakamgomea. Mwanawe alikuwa amekwisha kufa. Akabaki mjukuu. Na watu hawafi Jumamosi peke yake.

Kwa Ungo hayo yote hayakuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, na utani haukuwemo kwenye orodha. Orodha ilikuwa na sababu kumi na mbili za mwanafunzi kukosa shule, kila moja na namba yake, na msiba ulikuwa namba tatu. Ungo ulisoma namba, haukusoma visa. Ulikuwa umekusanya kumbukumbu za wanafunzi wa miaka thelathini, ukapata kwamba mtoto wa kawaida hufiwa mara mbili au tatu akiwa sekondari, na kwamba kati ya kila mia waliodai misiba zaidi ya kumi, tisini na saba walikuwa watoro waongo. Kwa hiyo ulikuwa umekiteremsha kipimo cha uaminifu cha Teofrida hadi sakafuni. Chuo nacho, kisizamishwe na maombi ya watu milioni, hakikumfungulia lango mwenye nafasi iliyo chini ya arobaini. Tena lango lilimjia mwanafunzi mara moja tu maishani, mwaka anaomaliza shule.

Wala usidhani Vaileth aliuchukia Ungo. Alikuwa anakumbuka enzi za vimemo, mtoto wa mkubwa anaingia chuo na karatasi yenye sahihi ya mjomba, mtoto wa mkulima wa nyanya anarudishwa getini na alama zake nzuri. Ungo ulikomesha hayo. Katika miaka kumi na moja wanafunzi mia mbili na sita wa Ilula walikuwa wamepita lango, na karibu wote walifanya kama Ungo ulivyokadiria. Ungo wenyewe ulimwamini Vaileth. Kila sahihisho alilowahi kuliweka lilikuwa limethibitika, na kipimo chake cha uaminifu kilikuwa tisini na tisa. Katika wilaya nzima hapakuwa na cha juu zaidi.

Ndiyo maana alichokifikiria sasa kilimwogopesha. Kilikuwa rahisi mno.

"Naweza kusahihisha," alisema polepole. "Namba tatu niifanye namba moja. Msiba uwe ugonjwa."

"Ugonjwa gani unaumwa mara arobaini?"

"Kipandauso. Kinakuja, kinaondoka, hakiachi alama. Ungo unawahurumia sana wagonjwa." Aligusa kioo pembeni, mahali pa kujaribia, akaingiza namba moja kwenye siku zote. Ungo haukusita hata kidogo. Nafasi: sabini na nne.

Walitazama ile sabini na nne, wote wawili.

"Bonyeza," Teofrida alisema.

Vaileth alitegemea binti atakataa. Alikuwa ameshatayarisha hata maneno ya kumbembeleza.

"Bonyeza, mwalimu. Mimi sikuiba kitu. Nyinyi Wahehe walaji mbwa mmekufa kwa zamu tangu nikiwa kidato cha pili, kila mkifa mnaniita, na nikija mnanipa kuku aliyekonda. Leo kuku wenu wananinyima Isimani. Bonyeza."

"Mngoni huna adabu," Vaileth alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. Kisha akavuta kioo na kuanza kazi.

Sahihisho la kweli halikuwa kama jaribio. Kila siku ilitaka ifunguliwe peke yake, isomwe, ibadilishwe, na kidole gumba kiwekwe chini yake. Tarehe kumi na nne Mei: amefiwa na babu. Kipandauso, kidole. Tarehe mbili Juni: amefiwa na shemeji. Kipandauso, kidole. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kiyoyozi kilinguruma. Teofrida alikuwa amefumba macho, midomo inachezacheza, huenda alikuwa anasali. Ya sita.

Tarehe tisa Machi: amefiwa na bibi.

Kidole cha Vaileth kilibaki hewani.

Siku hiyo alizikwa mama yake, Anjelina Nyenza. Vaileth alikuwa amekaa siku nne bila kulia, kifua kimemkaza hata chakula hakipiti, na watu wameanza kunong'ona. Ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka Anjelina Nyenza mwenyewe, kwa sweta lake la kijani na mabuti yake ya shambani, amekunja kiuno, anawanyooshea waombolezaji fimbo. "Nani kawaambia nimekufa? Mmekuja kula wali wangu, wezi nyie! Na wewe dalali, nyanya zangu debe tatu ziko wapi?" Uwanja mzima ulicheka. Vaileth alicheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi, na katikati ya kicheko kilio kikaja, kikatoka chote. Alilia kama mtoto. Aliyekuwa ndani ya lile sweta alikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyekosa mtihani wa majaribio wa kemia.

Sasa alitakiwa aandike kwamba siku ile msichana huyo alikuwa kitandani anaumwa kichwa.

Misiba sita ya watu wengine alikuwa ameifuta bila kusita. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya aangalie chini.

"Siwezi," alisema.

Teofrida alifumbua macho. "Ni msiba gani?"

"Wa mama."

Binti aliinama mezani. Alitazama kioo muda mrefu, na hasira aliyoingia nayo ikamtoka usoni kidogo kidogo. "Bibi yule alikuwa mkali," alisema mwishowe. "Fimbo yake ilikuwa nzito kweli."

Vaileth alirudi nyuma, akavifuta vile vipandauso sita kimoja baada ya kingine. Nafasi ikateremka hadi kumi na tisa. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Ni mbaya zaidi, lakini haina uongo. Mashahidi."

Akamweleza. Mtu yeyote aliweza kuweka kidole na kusema kumbukumbu fulani ni ya kweli. Ila shahidi aliweka rehani kipimo chake mwenyewe. Ungo ukiona ushahidi wa uongo, shahidi anashushwa pamoja na aliyemshuhudia, na watoto na wajukuu wa nyumba yake nao wanaburutwa chini. "Na watu wengi wakishuhudia jambo moja siku moja, Ungo unaweza kusema wamekula njama. Nakuambia mapema. Unakwenda kuwaomba watu waweke watoto wao mezani kwa ajili yako."

Teofrida alisimama, akajifunga kitenge kiunoni.

"Mimi siwaombi," alisema. "Mtani haombi."

Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la kufungashia nyanya, mahali ambapo saa hizo nusu ya Ilula ilikuwepo. Vaileth hakuwepo kusikia, lakini baadaye alisimuliwa na watu watatu, na wote watatu walisimulia sawa. Binti alipanda juu ya tenga, akapiga makofi, akasema: "Wahehe! Mmekufa mno! Mmekufa mpaka serikali imekataa kuamini. Mashine inasema hakuna watu wanaokufa hivyo, nimewasingizia. Kama ni kweli mlikufa, njooni kwa mwalimu Kikoti mseme. Kama mko hai, nirudishieni machozi yangu." Halafu akawaeleza hatari yake yote, bila kuficha hata chembe, maana mzaha ulikuwa umekwisha. Akashuka.

Hakuna aliyemfuata papo hapo. Watu waliangalia nyanya zao.

Saa sita, mzee Chusi alikuja kwenye dirisha la ofisi, kofia mkononi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyemzika mkewe mwaka uliopita. "Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, baba. Umeambiwa hatari yake?"

"Nimeambiwa. Mjukuu wangu ana nafasi ya arobaini na nne, naye anaomba mwakani." Alikigeuza kidole gumba chake akakiangalia, kama anakiuliza kitu. "Siku ya marehemu mke wangu mtoto huyu alilala kwenye mlango wa chumba, akasema hatoki mpaka nikiri mbele ya watu kwamba nilikuwa nampenda. Miaka arobaini na mbili nilikuwa sijawahi kusema. Nikasema. Sasa nitamwambiaje marehemu kwamba haikutokea?"

Akaweka kidole.

Ungo ulifikiri. Jina la mzee likawa la njano kwenye kioo, na nafasi ya Teofrida ikahama. Kumi na sita.

"Imeshuka!" mzee alisema.

"Imeshuka, baba."

Baada yake walikuja wawili. Kisha watano kwa pamoja, mikono ina utomvu wa nyanya. Kifo cha wengi harusi, na foleni ile ilikuwa na kelele kama ya harusi, watu wanakumbushana nani aliigwa vipi na nani alitoa kuku gani. Lakini ndani, kila kidole kilichowekwa kiliivuta namba chini. Kumi na moja. Tisa. Watu wa kata moja, saa zile zile, maneno yale yale: Ungo haukuona msiba hapo, uliona watu waliopanga. Saa tisa na robo mashahidi walikuwa kumi na saba, majina kumi na saba ya njano, na chini yake maandishi mekundu: NJAMA INASHUKIWA. Nafasi: nne.

Mama mmoja nje alianza kulia. Alikuwa na watoto watatu shuleni.

Teofrida aliingia ndani, akafunga mlango nyuma yake. "Wafute, mwalimu," alisema. "Wafute wote. Nilikudanganya kwamba siombi. Nimewaomba, na nimewaponza. Andika mimi ni mtoro, niende nikafungashe nyanya, basi."

Vaileth hakumfuta hata mmoja. Alikuwa anasoma kanuni za kazi yake, ambazo hakuwa amezisoma tangu siku ya kwanza. Mkadiriaji haruhusiwi kuwa shahidi. Akitoa ushahidi, kiti kinamtoka saa hiyo hiyo na hakirudi. Hakukuwa na 'isipokuwa' wala maelezo madogo chini.

Alikipenda kiti kile. Tuseme ukweli, alikipenda sana. Alipenda watoto wanavyoingia wanatetemeka na kutoka wananyoosha mabega, alipenda akina mama wanavyompisha njiani sokoni. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakujua kazi nyingine. Alikaa juu yake dakika nzima, mikono juu ya meza.

Kisha akapiga moyo konde. Alisimama, akafungua mlango, akazunguka nje kupitia kwa watu, akasimama kwenye dirisha upande wa foleni, nyuma ya watu waliokuwa bado wanangoja. Watu wakampisha. Akakataa kupishwa, akangoja zamu yake.

"Mimi Vaileth Kikoti," alisema zamu ilipofika. "Tarehe tisa Machi tulimzika mama yangu. Binti huyu alikuwepo. Hakuwa mtoro wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa kazini." Akaweka kidole.

Taa ndogo kwenye mgongo wa kiti, iliyowaka miaka kumi na moja, ikazimika.

Ungo ukanyamaza.

Haikuwa kawaida yake kunyamaza. Kwa kawaida ulijibu kabla hujatoa kidole. Vaileth alijua kinachoendelea ndani, maana aliufahamu Ungo kama mtu anavyomfahamu mwenziwe wa kazi. Ulikuwa umejifunza Ilula kutoka kwake. Masahihisho yake elfu na kitu ndiyo yaliyoufundisha nani hapa msema kweli na nani mzushi, na kila kadirio la wilaya lilisimama juu ya ile tisini na tisa yake. Ukisema Vaileth ni mwongo, basi ulivyojua vyote juu ya Ilula vilikuwa uongo. Ukisema ni mkweli, basi misiba arobaini na moja ilikuwepo, na mtoto wa namna hiyo haukuwahi kumwona katika miaka thelathini ya kumbukumbu.

Dakika tano zikapita. Kumi. Kumi na tano. Hata mama aliyekuwa analia alinyamaza ili asikie. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, majina ya njano yakaanza kurudi meupe, moja moja, la mzee Chusi kwanza, mpaka yote. Maandishi mekundu yakatoweka. Na ile sauti ya upole ikasema neno ambalo Vaileth hakujua kwamba inalo.

"Teofrida Gama. Chuo cha Mvua, Isimani. Nafasi: haijulikani."

"Ndiyo nini hiyo?" mzee Chusi aliuliza. "Kapata au kakosa?"

Vaileth alikuwa ameshaanza kucheka. "Kanuni inasema asifunguliwe mwenye nafasi iliyo chini ya arobaini," alisema. "Haijulikani siyo chini ya arobaini. Haiko chini ya kitu chochote!" Akaingiza kichwa dirishani, akapaza sauti. "Teofrida! Kaa kwenye kiti changu, mimi siruhusiwi. Angalia lango!"

Lango lilikuwa wazi.

Binti aliketi. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Mwalimu, kwa hiyo sasa nina ngapi?"

Miaka kumi na moja Vaileth alikuwa amelijibu swali hilo kwa namba. Wengine aliwapa themanini wakatoka wanaruka, wengine thelathini wakatoka wamekufa ganzi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka bila kujua.

"Sijui," alisema, na alishangaa neno lenyewe lilivyokuwa jepesi. "Mimi sijui, Ungo haujui, na walioko Isimani nao hawajui mpaka wakusome. Una dakika kumi. Andika."

"Kimya jamani!" mzee Chusi alifoka kule nyuma. "Mngoni anaandika, na kuandika kwenyewe ndiyo kwanza wamejifunza juzi!"

Kicheko kikapita dirishani, Teofrida akamrushia tusi moja bila kugeuka, na vidole vyake vikaanza kwenda. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Ulichokitengeneza kwa mikono yako. Akaeleza nyavu za vitunguu na umande, haraka haraka, bila kufuta. Swali la mwisho lilimtaka amtaje mtu asiye ndugu yake anayeweza kueleza alivyo. Hapo akasimama.

Aliinua uso. Dirisha lilikuwa limejaa vichwa, na nyuma ya vichwa vile watu wengine walikuwa bado wanakuja kutoka bandani, wanajifuta mikono.

"Mwalimu," alisema, "hapa wameweka mstari mmoja tu."